Kupikiwa Bila Kuzaa Wala Kufiwa

Jumapili, Novemba, jioni.

Mawingu yameufunika mlima tangu asubuhi. Kutoka barazani kwangu hapa Bigwa leo huoni hata ukingo wa msitu. Unaona kijivu tu, na chini yake mabati ya majirani yanang'aa kwa manyunyu ya vuli. Ni hali ya hewa ninayoipenda. Mtu mwenye hasira akikaa juani, jua humchochea. Manyunyu humwacha akasirike kwa utulivu.

Nimekasirika kwa utulivu.

Ngoja nieleze tangu mwanzo, maana wengi mnaosoma ukurasa huu mlikuwa wanafunzi wangu wa jiografia, na mnajua sikuwahi kutoa alama kwa jibu lisilo na maelezo.

Binti yangu Neema ni muuguzi huko Austria, nchi ya milima katikati ya Ulaya. Yeye na wauguzi wenzake wana desturi ya kukodi nyumba ya mbao kila Februari, katika mji mdogo wa mlimani ambako watu huenda kuteleza kwenye theluji. Nyumba za namna hiyo wenyewe wanaziita shale. Wanakaa juma zima. Safari hii mwenzao mmoja amejitoa, na chumba chake kimebaki wazi. Ni kile cha chini, kisicho na ngazi. Neema akanipigia simu akasema, "Mama, njoo wewe."

Nikauliza swali ambalo mwanamke wa umri wangu huuliza kabla ya mengine yote. Nani anapika?

Akacheka. "Hakuna anayepika kati yetu, Mama. Nyumba inakuja na mpishi wake."

Nyumba inakuja na mpishi wake. Niliikata simu nikakaa na sentensi hiyo kama mtu aliyepewa zawadi iliyofungwa na anaogopa kuifungua isije ikawa si yake. Nilipopiga tena kuuliza, nikaelezwa yote. Asubuhi ukiamka, mkate umeshatoka kwenye jiko. Mchana watu wakirudi kutoka mlimani, keki ipo mezani. Jioni kuna supu, kuna nyama, kuna kitu kitamu cha mwisho, na ukimaliza unaondoka mezani. Unaondoka tu. Sahani inabaki pale ilipo, na hakuna anayekutazama.

Hapa naomba nifafanue jambo, hasa kwa vijana wa kiume mnaonisoma.

Kwetu mwanamke hupikiwa mara mbili. Akizaa, ndugu zake huja wakamkanda kwa maji ya moto na kumkorogea uji wa pilipili manga. Akifiwa, majirani huliteka jiko lake, yeye akakaa mkekani asijue hata chumvi yake iko wapi. Mimi nimezaa mara tatu na nimemzika mume. Mgawo wangu umekwisha. Nikiendelea kukaa hapa kwa utaratibu huu huu, sufuria zitakazofuata kupikwa kwa ajili yangu zitapikwa uani, chini ya turubai la msiba, na mimi sitakula.

Nataka nipikiwe mara ya tatu, nikiwa mzima, na sina sababu yoyote.

Basi nikaanza kupanga, na mimi nikipanga, napanga. Nilimtuma Neema aulize kama bafu lina kizingiti. Halina. Nikauliza kama njia ya kutoka nyumbani hadi barabarani humwagwa kokoto ili watu wasianguke. Humwagwa. Nikauliza kama kuna kiti chenye mgongo mrefu karibu na dirisha linalotazama mlima, na mwenye nyumba akatuma picha ya kiti chenyewe, kimewekwa ngozi ya kondoo. Nikaenda kwa daktari wangu na shinikizo langu la damu na goti langu la kulia. Akasema nitembee na vidonge vyangu, nisimame mara kwa mara kwenye ndege, na nimletee picha. Pasipoti ninayo. Miadi ya viza ninayo, mwezi ujao, Dar es Salaam.

Kisha mpishi akauliza swali. Neema alinitumia: mpishi anapenda kujua mapema, kuna kitu mama yako hapendi kula?

Nikaiweka simu mezani.

Nimeulizwa mengi maishani. Nimeulizwa chakula kiko tayari saa ngapi, nimeulizwa mbona chumvi imezidi, nimeulizwa kama kimebaki. Lakini kuulizwa ninachopenda na nisichopenda, hapana. Nilitembea nalo swali hilo mpaka sokoni na kurudi. Hatimaye nikiwa nakatakata kuku nikalijua jibu. Sipendi shingo ya kuku. Nimekula shingo na mgongo wa kuku tangu nilipoolewa, kwa sababu firigisi ni ya baba, mapaja ni ya watoto, kidari ni cha mgeni, na mpishi hula kinachobaki. Watoto wangu wanaamini shingo ndiyo kipande ninachokipenda. Walipokuwa wadogo walikuwa wakinitengea kwa mapenzi kabisa: "Ya Mama hiyo, msiguse!"

Nikamwandikia Neema: mwambie sipendi shingo ya kuku. Akanijibu kwa alama za kuuliza tupu.

Sasa tuje kwa wanaume.

Wanangu wa kiume ni wawili. Elia ndiye wa kwanza, anaishi hapa hapa Morogoro na mkewe. Yona, mdogo wake, yuko Dar. Ni watoto wema na ninawapenda, na ninayoyaandika hapa nimewaambia usoni. Waliposikia habari ya safari, Yona alifungua kundi la simu akaliita "Safari ya Mama". Elia akawa mwenyekiti, Yona katibu. Sisi Watanzania hatuwezi kukutana watu watatu bila mmoja kuwa katibu. Mwanzoni kundi lilikuwa la furaha. Masweta, soksi, kofia. Halafu mtu akaleta habari ya mama wa rafiki yake aliyevunjika nyonga ughaibuni. Mwingine akaleta picha ya gari lililofukiwa na theluji. Watu ambao hata siwajui wakaongezwa. Juma lililopita nikasoma haya:

"Kamati imeazimia kwamba safari iahirishwe hadi hali itakaporuhusu."

Nikaandika: "Hali ya nani?"

Wote waliona. 

Badala ya kujibu, walimwita mjomba wao. Na hapa ndipo wanangu walipofanya kosa ambalo mtoto aliyekulia mlimani asingelifanya hata usingizini.

Nieleze. Sisi Waluguru hufuata upande wa mama. Ukoo wetu, tunaouita lukolo, hupita kwa mwanamke, na shamba vilevile. Kwa hiyo mkubwa wa mtoto si baba yake tu. Ni mjomba, kaka au mdogo wa kiume wa mama yake. Mjomba akisema, wapwa wake hukaa chini. Sasa wanangu wamekulia mjini, baba yao alikuwa Mpare, na desturi za kwetu walizisikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani, maneno mawili matatu yanapita ukutani. Walikuwa wamesikia kwamba mjomba ana sauti. Hawakusikia ana sauti juu ya nani.

Wakampigia Kaspari, mdogo wangu, huko kwetu mlimani Mgeta, aje Jumapili kunikataza.

Leo basi ndipo kikao kilipofanyika, sebuleni kwangu, baada ya ibada. Kaspari alishuka na gari la asubuhi kupitia Mlali, kabeba kabichi na njegere kwenye kiroba, kavaa sweta lake la miaka yote. Yona alikuja kutoka Dar. Elia alikuja na mkewe. Na kwa kuwa wageni hawakai na njaa, niliamka kabla ya jogoo nikachinja kuku wawili, nikachambua mchele, nikakuna nazi, nikakaanga, nikaunga, nikapakua.

Someni tena. Kikao cha kuamua kwamba mimi ni dhaifu mno kusafiri, nilikipikia mwenyewe.

Kwenye kupakua nilifanya jambo moja dogo. Kaspari nilimpa firigisi, kidari na paja, kama inavyompasa. Elia paja. Mkwe wangu paja. Halafu nikajipakulia paja. Yona aliangalia sahani yangu, akaangalia bakuli, akaangalia tena sahani yangu. Kisha akaichukua shingo akaila. Nilikuwa karibu kumwonea huruma.

Tulipomaliza, Elia alisimama. Sebuleni kwangu, alisimama kama yuko mbele ya mkutano, akamshukuru mjomba kwa kufika "licha ya majukumu", akaingia kwenye hoja.

"Mjomba, shida si safari. Shida ni Mama na goti lake. Anakwenda kulala kwenye banda la mbao katikati ya barafu, wiki nzima."

"Banda?" Kaspari akashtuka.

"Nyumba ya mbao, Mjomba. Mtu ametoka kwenye nyumba ya tofali, sakafu ya vigae, anakwenda kulala kwenye mbao!"

"Na watu wa kule," Yona akadakia, "wanajifunga mbao nyingine miguuni, wanateremka nazo kutoka kileleni, vuup! Mama akitelezea korongoni, je?"

"Yona," nikasema, "mimi hata bafuni sitelezi. Nakwenda kukaa."

"Sasa kukaa si ungekaa hapa hapa, Mama?"

"Hapa mimi hukaa saa ngapi?" Nikamwonyesha meza, sufuria, masinia, mifupa ya kuku. "Niambie. Tangu umefika umeniona nimekaa?"

Jikoni mkwe wangu alikuwa ameanza kuosha vyombo. Nilisikia vyombo vimenyamaza.

Elia si mjinga, akabadilisha njia. Akasema kwa sauti ya upole kabisa, ile anayoitumia kwa wateja wake, kwamba kama Mama anachotaka ni milima na baridi, mbona baridi ipo. "Tukupeleke Mgeta kwa Mjomba. Julai. Juma zima. Baridi ile ile, tena ya bure."

Nikamjibu polepole, kwa sababu hilo ni swali la jiografia.

Nilimwambia: baridi ya Mgeta naijua kuliko wewe. Ukipanda mlima hewa huwa nyepesi na hushindwa kushika joto, ndiyo maana Julai kule pumzi huonekana mdomoni. Nimezaliwa ndani yake. Nimeibeba kichwani na kabichi juu yake, nikishuka Mlali na marehemu bibi yako kabla gari halijaijua ile njia. Nimechota maji ndani yake, nimelima ndani yake, nimeenda shule peku ndani yake. Nikienda Mgeta leo, nitaingia jikoni kwa wifi yangu kabla sijavua viatu, maana nikikaa nitaitwa mgeni wa ajabu. Sina ugomvi na baridi ya kwetu. Ila hiyo ni baridi ya kazi. Mimi nataka kuijua baridi ya kukaa dirishani.

"Lakini kwa nini mbali hivyo?" Elia akauliza. Na hapo sauti yake haikuwa ya mwenyekiti tena.

Nikasema, "Kwa sababu huko hakuna anayenijua kuwa mimi ndiye mpishi."

Mvua ikapiga bati kidogo, ikaacha.

Wote wakamgeukia Kaspari. Kaspari alikuwa anachokonoa jino taratibu, macho kwenye dari.

"Mmeniita hapa kama nani?" akauliza.

"Kama mjomba," Yona akasema haraka.

"Mjomba wa nani?"

"Wetu."

"Eeh. Wenu." Akakitoa kijiti mdomoni. "Sasa nani kawaambia mimi nina amri kwa dada yangu mkubwa? Huyu kanibeba mgongoni mpaka nimejua kutembea. Kanifuta kamasi. Nimkataze kwa mdomo upi? Amri yangu mimi iko kwenu. Ndiyo mliyokuja kuitafuta? Haya. Elia, kaa chini."

Elia ana mvi na kitambi na watu wanaomwita bosi. Alikaa.

"Hilo kundi lenu la kwenye simu lifungwe. Kamati ni ya harusi na msiba. Nyie mnamwoza au mnamzika?"

Yona alikohoa. Mkwe wangu jikoni hakukohoa, alicheka waziwazi, na mimi nikacheka naye, na hata Elia mabega yalimtikisika ingawa uso aliukaza. Walikuwa wamepanda gari na kutuma nauli kumleta mwamuzi, na mwamuzi amefika ameuliza washtakiwa wako wapi, akawanyooshea kidole wao wenyewe.

Ningekuwa natunga hadithi, ningeishia hapo. Lakini hii ni siku yangu, na siku iliendelea.

Wavulana walipotoka nje kuangalia gari la Elia, Kaspari alikuja barazani akakaa karibu yangu. Tuliangalia kule ambako mlima ungekuwa.

"Dada, wale nimewanyamazisha," akasema. "Sasa mimi ndiye nakuomba. Usiende."

Sikulitegemea. Nilimtazama nikidhani anatania.

"Sikukatazi. Nakuomba. Ukianguka huko mimi nakufuata na nini? Hata ndege sijawahi kuikaribia. Mama alipokuwa anaondoka aliniambia, mwangalie dada yako."

"Alikuambia wewe?"

"Mimi."

"Kaspari, mimi ndiye aliniambia nikuangalie wewe."

Tukatazamana. Mama yetu alikuwa mtu mwenye akili sana.

Lakini hakucheka. Akasema jambo ambalo wanangu, pamoja na kamati yao yote, hawakuthubutu kulisema. Kwamba akina mama wote wa lukolo letu wamelala mahali pamoja, kwenye mteremko juu ya shamba, na nafasi yangu ipo pembeni ya mama, na yeye hupita hapo kila siku akienda shambani. Je, nikifia kwenye hayo mabarafu, atapita hapo anaangalia nini?

Hili ndilo swali la kweli la jambo hili lote. Goti lilikuwa kisingizio, banda la mbao lilikuwa kisingizio. Watu wanaokupenda wanaogopa utakufa mbali na mikono yao. Na mimi siwezi kuwaambia kwamba sitakufa. Daktari hakuniandikia hivyo.

Nikamwambia, "Mdogo wangu, nikifa huko Neema atajua la kufanya, na kama hataweza kunirudisha, basi udongo ni udongo na mama atanisubiri. Ila nafasi ile pembeni yake ni ya siku nitakayokufa. Msinizike humo kuanzia leo, mkisema mnanitunza."

Aliinamisha kichwa.

"Basi sikukatazi," akasema. "Ila baraka ya kwenda sina, Dada. Nimeitafuta ndani, sina. Nisikudanganye."

Imeniuma. Imeniuma kuliko azimio la kamati. Naeleza kwa nini, labda kwa kujieleza mwenyewe nitapata nafuu: ukiamriwa, ni rahisi kukataa, unainua kichwa tu. Ukiombwa na mtu uliyembeba mgongoni, kumkatalia hakuna utukufu wowote. Hakuna atakayekupigia makofi. Unakataa huku unamwona anaumia, na huna hata mtu wa kumkasirikia.

Nilimkatalia.

Elia alimchukua kwa gari kumpeleka kwenye magari ya Mgeta. Nilimsindikiza hadi getini na kanga kichwani. Mlango wa gari ulikuwa umeshafunguliwa, akageuka.

"Hivi hiyo theluji ikoje?"

Nikafungua mdomo. Nikaanza kusema kwamba ni mvuke wa maji, ukiganda angani kabla haujawa tone, unakuwa na pembe sita...

"Hiyo ya ubaoni," Kaspari akanikata. "Nakuuliza yenyewe. Ikikugusa, ikoje?"

"Sijui," nikasema. "Sijui, Kaspari."

Hakutabasamu, wala hakunipa baraka aliyoninyima barazani, na nisingependa msomaji adhani alinipa kimyakimya. Aliingia kwenye gari akafunga mlango. Mimi ndiye niliyebaki pale getini na neno langu, na kadiri nilivyosimama ndivyo lilivyozidi kunitosha. Sijui. Nimewafundisha watoto wa watu tabaka za theluji na mito ya barafu na mabonde yanayochimbwa nayo, wengine wakafaulu wakaenda kuyaona, nami sijui ikikugusa ikoje. Hiyo si aibu. Lakini si jambo la kufa nalo kama bado naweza kupanda ndege.

Nikarudi ndani. Mkwe wangu alikuwa ameosha vyombo vyote, amekausha, amevipanga mahali ambapo kesho sitavipata. Alikuwa amebaki kumsubiri mumewe. Akasema bila kunitazama, "Mama, huko huwa wanachukua watu wangapi?"

Nikamwambia safari hii nafasi ni moja. Akasema alikuwa anauliza tu. Akaiweka sahani ya mwisho juu ya nyingine kwa uangalifu mkubwa.

Mwenye nyumba ya mbao alikuwa ameahidi kutushikia chumba hadi leo jioni, asimpe mwingine. Neema alikuwa amenitumia ujumbe tangu adhuhuri: Mama, vipi? Kikao kimesemaje? Nilikaa na simu mkononi. Nilitaka kuandika maelezo marefu. Kuhusu lukolo, kuhusu mdogo wangu, kuhusu mama zetu walioko mteremkoni. Nikafuta. Nikaandika:

"Kikao hakina jibu. Mimi ninalo. Nakuja."

Na nikautuma kabla kidole hakijapata ushauri.

Sasa hivi, ninapoandika, kundi la "Safari ya Mama" bado halijafungwa, licha ya amri ya mjomba. Elia ameandika humo kwa heshima zote kwamba wanaheshimu uamuzi, ila wanamwomba Mama "atafakari upya". Yona ameweka mikono miwili ya kuomba. Nimetafakari upya kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Kisha nimejitoa. Nadhani mimi ni mtu wa kwanza Morogoro kujitoa kwenye kamati ya safari yake mwenyewe ili aweze kusafiri.

Nikiri jambo moja, kisha nikalale mapema.

Naogopa. Naogopa ndege, naogopa lugha, naogopa baridi ambayo sikuzaliwa nayo. Naogopa kwamba nitaketi kwenye kile kiti cha ngozi ya kondoo, keki itakuja, na sitajua mikono yangu niiweke wapi. Siku ya kwanza huenda nikanyanyuka nikakusanya sahani za watu wote kabla mpishi hajafika mezani, na Neema ataniona. Nitajifunza. Nimewahi kufundisha watu mambo magumu zaidi ya kuacha sahani mezani, na mwanafunzi wa safari hii si mjinga sana. Wala sina haja ya kungoja woga uishe. Utapanda nami ndege, utakaa kiti cha katikati.

Kesho, mvua ikinyesha isinyeshe, nakwenda soko la mitumba. Wauzaji wanajua: ndani ya kila robota huja makoti mazito ajabu, yamejazwa manyoya, yana kofia zake, makoti ya kuteleza nayo kwenye theluji, na kwa joto letu hili hakuna anayeyataka isipokuwa madereva wa bodaboda wanaorudi usiku kutoka Dumila. Wanayavaa bila kujua yametoka wapi. Safari hii wanisamehe. Liko moja jekundu nililiona mwezi uliopita likining'inia juu kabisa ya banda, na mimi nitafika pale mapema kuliko wao.